Mwonja Shaba wa Isevya

Ukifika Isevya, mjini Tabora, ukauliza kwa Josepha muuza dawa za mashamba, hutaambiwa jina la duka. Utaambiwa: nenda kwa mama anayeonja. Na usije ukadhani anaonja pombe au mchuzi. Anaonja dawa ya nyanya, ile ya unga wa shaba, ya kijani kilichopauka, ambayo mkulima akiikoroga na maji na kuipulizia shambani majani yote yanabaki kama yamepigwa vumbi. Mvua za Januari zikishika, ukungu unaingia kwenye nyanya za kijiji cha Ntalikwa kama mwenye nyumba, na bila unga huo matunda yanaoza yangali shinani. Basi Josepha, kabla hajakupimia hata kijiko kimoja, anachovya kidole cha shahada ndani ya kopo, anakilamba mbele ya macho yako, anafumba macho kidogo, kisha anasema, "Ni yenyewe." Hapo ndipo unafungiwa mzigo wako.

Upuuzi, utasema. Hata mimi nasema hivyo, tena kwa hasira, maana kopo lenyewe limechorwa fuvu la kichwa. Lakini ngoja kwanza ujue upuuzi huu ulianzaje, kwa sababu Josepha si mjinga, na waliomfanya aonje hawakuwa wajinga.

Mumewe, Mathias, alifariki binti yao Recheli akiwa na miaka sita. Josepha akachukua kibanda kidogo kando ya barabara iendayo Ujiji, ile waliyopita wapagazi enzi za misafara, akaanza kuuza mbegu za mchicha na dawa za wadudu. Mwaka huohuo Tabora nzima iliuziwa unga bandia. Watu walichukua chokaa, wakatia rangi, wakafunga kwenye makopo mazuri, na wakulima wakapulizia msimu mzima huku ukungu unacheka. Nyanya zikaisha. Wakulima wakaja mjini na fimbo, wakapita duka kwa duka, na walipofika kwa Josepha walimkuta mgeni wa biashara, mjane, kopo lake moja limefunguliwa mezani. Wakamuuliza atathibitishaje kwamba yake siyo chokaa. Josepha akalivuta kopo karibu. Alichovya kidole akalamba. Unga ukamng'ata ulimi, mate yakakauka, ukakasi ukamjaa mdomoni kama aliyenyonya sarafu ya zamani.

"Chokaa haiumi hivi," akawaambia. "Mwenye wasiwasi naye alambe."

Hakuna aliyelamba. Lakini mzee mmoja wa Ntalikwa, anaitwa Lugembe, alinunua, akapulizia, na nyanya zake zikasimama. Wiki iliyofuata akarudi na wenzake wanane, akamwambia, "Mayo, mama yetu, lamba tena, hawa nao waone." Josepha akalamba. Na mambo yakawa ndiyo hayo, miaka kumi na tisa.

Kazi yenyewe nikueleze ilivyo. Kopo ni la kilo nzima, na mkulima wa robo eka hahitaji kilo nzima, tena hana uwezo nayo. Kwa hiyo Josepha analifungua, anapima kwa kijiko cha chakula, anamimina kwenye vifuko vya nailoni, anavifunga midomo kwa moto wa mshumaa. Kibanda hakina dirisha. Unga unapanda, unaelea, unatua kwenye kope zake na kwenye kikombe chake cha chai. Maneno yote ya tahadhari, vaa glovu, ziba pua, usile wala kunywa, weka mbali na watoto, yanabaki kwenye kopo. Kifuko anachoondoka nacho mkulima hakina hata neno moja. Kinawekwa mfukoni pamoja na tumbaku, au kwenye kapu juu ya dagaa.

Sheria Josepha alikuwa nayo moja tu, na hiyo aliishika kuliko Amri za Mungu: Recheli asikanyage nyuma ya meza. Akija kuleta chakula, akiweke kwenye benchi la nje. Akitaka kusaidia, akafagie uwani. Kila alicholamba yule mama, alikilamba ili mtoto wake wa pekee asije akakilamba. Alimsomesha mpaka chuo cha ualimu. Recheli akamaliza, akapata cheti, akatuma maombi ya ajira, na sasa ni mwaka wa tatu anasubiri majina yatoke. Majina yanatoka, lake halimo. Anafundisha watoto wa jirani kwa sahani ya mchele, na mama yake anaendelea kulamba.

Mwili wa Josepha ulianza kulalamika polepole. Kwanza ilikuwa kichefuchefu cha asubuhi, akakiita nyongo. Ikaja pua inayotoa kamasi za kijani, akaziita mafua. Akawa akipanda mlima mdogo wa kwenda kanisani anasimama mara tatu, akasema ni umri, na umri wenyewe hata hamsini na mbili ulikuwa haujatimia. Kucha zake ziligeuka rangi. Wanawake wa jumuiya walimtania kwamba anapaka rangi kama bibi harusi, naye akacheka nao, akaificha mikono kwenye kanga.

Mwaka juzi akaja afisa ugani mpya wa kata, kijana mmoja mpole anayeitwa Bernardo. Alimkuta kidole kiko mdomoni. Akakaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka ya nyanya?"

"Mama, hiyo ni sumu."

"Najua ni sumu. Ingekuwa si sumu, ingeua ukungu?"

Bernardo hakucheka. Akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Kwamba shaba kidogo mwili unaihitaji na unaipata kwenye chakula, lakini ya kopo ni nyingi mno, na ini ndilo linalobeba ziada mpaka linaelemewa. Kwamba vumbi lake linakwenda mapafuni na kukaa. Likiingia jichoni, linaweza kuunguza mboni, na mtu anatakiwa aoshe kwa maji mengi yanayotiririka, robo saa nzima, kisha aende hospitali, siyo kupaka maziwa. Asile alipo unga. Anawe kwa sabuni kabla ya kushika chungu, avue nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani. Na kubwa kuliko yote, asifungue makopo, kwa maana kifuko kisicho na maandishi ni mtego kwa kila mtu kitakayemfikia. Akamwachia glovu mbili na barakoa tano.

Josepha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Nikiacha kuonja, wakulima watajuaje kwamba siyo bandia?"

"Waangalie karatasi ya kopo, mama. Kuna namba ya usajili."

"Mwanangu, na bandia nayo ina karatasi. Tena nzuri kuliko hii."

Bernardo akasoma tena karatasi ya kopo, akalirudisha mezani. Mimi simlaumu, kwani wenye kujibu swali hilo hawakai Isevya.

Josepha alijaribu. Lazima nimpe haki yake, alijaribu. Jumatatu alivaa glovu na barakoa, akawaambia wateja haonji tena, wasome karatasi. Walimtazama kama aliyepagawa. Lugembe mwenyewe ndiye aliyemwambia lile lililokuwa mioyoni mwa wote. "Mama Recheli, kama unaiogopa hivyo, mbona sisi unatuuzia?" Akaenda zake bila kununua. Siku nne kibanda kilikaa kimya. Siku ya tano, Josepha alivua barakoa akaitundika msumarini, akaita mteja wa kwanza aliyepita, akalamba.

Mwezi wa nane mwaka jana macho yake yakawa ya manjano. Recheli akamshika mkono kama mtoto, akampeleka hospitali. Daktari, mwanamke makini asiyependa maneno mengi, alimuuliza kama anakunywa pombe. Hanywi. Akampima homa ya ini. Hana. Akamuuliza kazi yake, na Recheli ndiye aliyejibu kwa niaba yake.

"Kwa siku unalamba mara ngapi?" daktari akauliza.

"Msimu wa mvua hata mara thelathini."

Daktari akaweka kalamu chini. "Siwezi kukuapia kwamba ni huo unga peke yake," akasema. "Lakini ini lako limekakamaa, na lililokakamaa halirudi. Tunaweza kulichelewesha tu. Na huo unga usiguse tena mdomo wako. Hata leo jioni."

Walirudi kwa miguu. Recheli alikuwa analia waziwazi, bila kujificha, na watu wakawa wanageuka. Walipofika uwani akasema, "Mama, imetosha. Dukani nitakaa mimi."

"Hutakaa."

"Basi funga."

"Nikifunga tutakula nini, cheti chako?"

Lilikuwa neno baya, na Josepha alijua kwamba ni baya kabla halijamaliza kutoka. Recheli akaingia ndani. Baadaye mama akamwita, akamshika magoti, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye amekwisha kuharibika, hata akilamba au asilambe, na chombo kilichovunjika hakivunjwi mara ya pili. Ila mtoto wake ni mzima. Amwachie angalau hilo moja, kwamba alimtoa salama. Majina ya ajira yakitoka, kibanda kitafungwa siku hiyohiyo. Recheli akakubali, maana mtu anakataaje mbele ya mama anayekufa. Hapo wakawa wameahidiana, na wote wawili hawakuamini.

Ndipo mdomo ukaanza kumgeuka. Siku moja alikunywa uji akasikia shaba. Akadhani hakusukutua vizuri. Kesho yake chai ikawa shaba. Jirani akamletea asali mbichi ya Sikonge, asali ambayo ukiilamba unasahau jina lako, na yeye akasikia ukakasi uleule, sarafu ileile. Hata kanisani, Jumapili, komunyo ilipoyeyuka ulimini ilikuwa shaba, na Josepha akapiga magoti akajifunika kanga usoni, akalia. Waliokuwa karibu walidhani anasali sana. Hakumwambia mtu. Na sasa hapa ndipo ninapomkasirikia kweli, kwa sababu alikuwa na akili ya kutosha kulifikiri jambo hili mpaka mwisho, na hakulifikiri. Mtu ambaye kila kitu kwake ni shaba, shaba atajuaje?

Januari hii, dalali mmoja anayeitwa Fikiri, anayeleta mizigo kwa pikipiki, alimletea makopo sita. Yalikuwa na karatasi safi na kifuniko kinachong'aa. Josepha akafungua la kwanza mbele ya Lugembe na wakulima wengine kumi wa Ntalikwa, waliokuja pamoja kwa sababu mvua ilikuwa imeshika na majani yameanza kupata madoa. Miguu yake ilikuwa imevimba, akawahudumia amekaa. Akachovya, akalamba, akafumba macho. Shaba ilijaa mdomo mzima.

"Ni yenyewe," akasema.

Kwa siku mbili makopo matano yakaisha.

Wiki tatu baadaye Lugembe akarudi, akaingia kibandani peke yake. Hakuja na fimbo. Alikuja na shina moja la mnyanya, ameling'oa na mizizi yake, akalilaza juu ya meza. Majani yalikuwa meusi, yamejikunja, matunda yameoza upande mmoja na bado mabichi upande wa pili. Harufu yake ilijaa kibandani.

"Shikamoo, baba Lugembe," Josepha akasema.

"Marahaba." Mzee akakaa. "Nimepulizia mara tatu. Wenzangu vilevile. Mama Recheli, uliionja?"

"Niliionja. Mbele yako."

"Ukasikia nini?"

"Shaba."

"Basi onja tena, mama."

Josepha akavuta lile kopo la sita, lililobaki. Akalamba. Shaba. Akamwangalia Lugembe, akaangalia lile shina. Kisha akachukua kikombe chake cha maji ya kunywa, akapiga funda. Shaba. Akalamba kiganja chake. Shaba. Nyuma yake kulikuwa na mfuko wa chokaa ya kupaka nyumba, aliouacha fundi. Akachovya kidole hapo, akakiweka mdomoni, huku machozi yanamtoka.

"Ulimi wangu umekufa, baba," akasema. "Hata chokaa kwangu ni shaba. Nimewaangamiza."

Lugembe angeweza kumtukana. Pengine ingekuwa afadhali. Lakini alimjua siku nyingi, na alikuwa amechoka, na shamba lake la juu, la miche ya awamu ya pili, lilikuwa bado halijashikwa na ukungu. Wenzake wawili walikuwa wamesimama nje wanasubiri, kila mmoja na kopo alilonunua asubuhi hiyo kwa muuzaji tofauti, maana hawakujua wamwamini nani. Walikuwa wameyaleta kwa Josepha. Hebu fikiri. Baada ya yote hayo, bado waliyaleta kwa Josepha.

Recheli alikuwa amefika na chakula cha mchana. Alikuwa amesimama pale kwenye benchi la nje, mahali pake pa miaka yote, na bakuli mikononi.

Lugembe akamwona. "Aonje binti," akasema.

"Hapana," akasema Josepha.

"Mama Recheli, mara moja tu. Wewe umenilisha miaka kumi na tisa kwa ulimi huo, nami sina pengine pa kwenda. Mvua haitanisubiri."

"Nimesema hapana. Huyu hapana." Alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Akashika ukingo wa meza. "Recheli, nenda nyumbani. Nenda, mwanangu, nakuomba."

Recheli aliweka bakuli kwenye benchi. Akafungua kile kimlango cha mbao, akapita nyuma ya meza kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Hakumwangalia mama yake. Wale wawili wa nje wakaweka makopo yao mezani. Akachovya kwenye la kwanza, akalamba, akatikisa kichwa.

"Hii haina kitu."

Akachovya kwenye la pili. Alipolamba, hakukunja uso, hakutema, hata hakushtuka. Aliinua kichwa tu, kama mtu anayesikia jina la aliyekuwa akimfahamu.

"Hii ndiyo," akasema. "Hii ni yenyewe."

Wenye makopo wakatazamana. Lugembe akauliza kama ana hakika, maana ni mara yake ya kwanza, na mambo haya mtu hajui mpaka afundishwe.

"Nina hakika," Recheli akasema. Ndipo akamgeukia mama yake, na sauti yake haikuwa na lawama yoyote. "Ndiyo ladha ya matonge yako, mama. Ulipokuwa ukitoka dukani unanimegea ugali, unanilisha kwa mkono wako. Mimi nilidhani ugali wote uko hivi."

Josepha alibaki ameshika meza. Nje mtu mmoja alikwisha kukimbia kuwaita wengine, na kabla mzee Lugembe hajanyanyuka kwenye kiti, walikuwa wamefika watano, kila mmoja amebeba kopo lake.